Mzee Kwangua na Ukuta wa Chumba cha Juu

Hamjambo wenzangu wa nyumba zote za wageni, nanyi wageni wetu wa zamani mnaoletewa jarida hili huko mliko? Habari za afya, habari za nyumbani? Aliyekuwa na kifua natumaini kimepoa, na mwenye mtoto mchanga natumaini sasa anapata usingizi. Sisi wa nyumba ya ufukweni hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila chumvi inaendelea kula bawaba za milango yetu kama kawaida yake.

Ofisi imeniomba niandike wasifu wa mwenzetu anayestaafu. Mimi ni yule dada wa usafi na kufua, na shule yangu haikwenda mbali, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe huku mkisoma.

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mtunza nyumba wetu atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika nyumba moja tu. Jina lake la kwenye karatasi liko ofisini, lakini ukiita jina hilo hapa kwetu hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Tunamwita Mzee Kwangua. Sababu ya jina hilo ndiyo habari yenyewe, na mwenyewe ameniruhusu niieleze yote. Aliniambia, "Andika kama ilivyo, wala usinizungushie maneno kama unayemsifu maiti."

Kwa ambaye hajafika, nyumba yetu ni ya mawe, ya chini na juu, na ni ya zamani kiasi kwamba hakuna aliye hai anayemjua fundi wake. Kuta ni nene hata mtu mzima anakaa ndani ya dirisha, ananyoosha miguu, na vidole havifiki ukingo wa nje. Ngazi ni ya mbao, vidato ishirini na viwili, cha tisa kinalia. Asubuhi maji yakiwa yamejaa na jua limepanda kidogo, mwanga wa bahari unaingia chumba cha juu na kutembea kwenye boriti za dari, ukilala kitandani unadhani uko chini ya maji na bado unapumua. Nimeona watu wakishuka garini wanabishana nani kasahau chaja, wakivuka kizingiti wananyamaza wote. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mimi niko hapa mwaka wa kumi na tisa na bado nikifungua dirisha lile nasema alhamdulillahi kimoyomoyo kabla sijashika ufagio.

Nyumba ya namna hiyo ina tabia zake, na mwenye kuzijua ni Mzee Kwangua. Mlango wa bafu la chini huvimba siku za unyevu. Mwaka mmoja ulimfungia bwana mmoja wakili, akauvuta na kuupiga mateke mpaka tukamsikia jikoni. Mzee akaenda, akainama kwenye tundu la ufunguo, akamwambia kwa upole, "Bwana mkubwa, usiuvute. Uinue kidogo, kama unamsaidia mama yako kusimama." Mlango ukafunguka. Wakili akatoka na taulo lake, akasema ameshinda kesi nyingi lakini hii amekubali kushindwa. Huyo bwana amerudi kwetu mara sita tangu hapo, na kila akija anauliza hali ya mlango kabla hajauliza ya kwetu.

Sasa nirudi mwanzo.

Bibi Mwenye Nyumba, wengi mnamjua, alizaliwa katika nyumba hii. Baba yake alikuwa mpima maji wa bandari, kazi yake kuandika kila siku bahari imejaa hadi wapi na imekupwa hadi wapi. Mzee yule alipofariki, Bibi hakutaka nyumba ifungwe ioze, akaamua ipokee wageni. Akamwajiri kijana mmoja mwenye mabega, aliyekuwa saidia fundi wa ujenzi na anajua kuchanganya chokaa. Bibi alikuwa anasafiri siku hiyohiyo. Akamwekea kijana karatasi mkononi, imekunjwa mara mbili, yenye maelekezo yote ya kupaka nyumba. Kijana akaitia mfukoni akasema, "Nimeelewa, Bibi."

Hakuelewa kitu. Hakujua kusoma.

"Niliona haya," ameniambia. "Kijana mzima, bega hili, halafu mbele ya mwanamke msomi niseme herufi sizijui? Nikajipa moyo. Nikasema mwenye nyumba anataka nini zaidi ya nyumba nyeupe?"

Basi akapaka chokaa nyumba nzima, mkono mmoja, yaani tabaka moja tu. Ilipokauka akaona inaacha vumbi kwenye shati. Akawaza wageni watalalamika nguo zao zinachafuka, na hapo kazi yake itaishia. Akapata rangi ya mafuta, akaipaka juu ya chokaa ile, kuanzia sebuleni mpaka juu, nyumba ikang'aa kama sahani. Chumba cha juu ndicho alichokipendelea, kwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote. Pembeni ya dirisha la bahari alikuta mistari ya penseli na maneno maneno. Akadhani ni uchafu wa watoto. Pale akaongeza mkono wa pili wa rangi ya mafuta, ili usionekane kabisa.

Bibi akarudi baada ya miezi mitatu. Akasifu mlango, akasifu madirisha, akapanda juu. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alimuuliza jambo moja tu: "Hukusoma karatasi yangu?"

"Sikuisoma, Bibi."

Ndivyo ilivyokuwa, hakusema uongo. Lakini Bibi alisikia kwamba kijana alidharau, na kijana akaona afadhali aonekane mwenye dharau kuliko aonekane hajui kusoma. Amebeba siri hiyo tangu siku ile.

Karatasi ilisema vyumba vyote vipakwe chokaa, isipokuwa ukuta wa dirishani chumba cha juu, usiguswe. Kwenye ukuta ule baba yake alimpima Bibi urefu kila siku yake ya kuzaliwa, tangu aliposimama mpaka alipoolewa. Na kwa kuwa alikuwa mpima maji na hakuweza kujizuia, kila mstari aliandikia pia habari za bahari siku hiyo. Vitabu vya bandarini vilikuwa mali ya kazi na vilikwenda na kazi. Bibi hakuwa na maandishi mengine ya mkono wa baba yake ila yale.

Kila mtu alingoja kijana afukuzwe. Bibi akamwangalia, akasema, "Huondoki. Utaondoka siku ukuta wangu utakaporudi."

Na wala haukupita msimu mmoja wa mvua nyumba ikaanza kuugua. Kuta zikatoka jasho, rangi ikafura malengelenge. Fundi mmoja mzee wa mawe akaja akaitazama, akamwambia kwamba nyumba kama hii iliyo karibu na bahari inavuta maji na kuyatoa, ndiyo pumzi yake, na yeye ameifunga mdomo na pua. Dawa ni kuitoa rangi yote. Ndipo kijana alipochukua kisu akaanza kukwangua, na jina likamshika.

Chumba cha kwanza alikwangua kwa haraka. Rangi ilitoka na plasta yake, bamba zima zima, mpaka akabaki anatazama jiwe tupu. Alisema hapo aliwaza ingekuwaje kama angeanza na ukuta wa Bibi. Akaapa ule utakuwa wa mwisho, mpaka mkono ujue.

Vyumba ni tisa, na hakwangui chumba chenye wageni ndani, isipokuwa wakiomba. Alitengeneza kisu chake kutoka kipande cha msumeno, akakinoa kikawa chembamba kama ukucha. Kwa siku moja alikuwa anasafisha eneo la kiganja. Akimaliza chumba anapaka chokaa tupu na kuendelea na kingine. Kuna maharusi walikuja msimu wa wageni wachache wakalalamika kwamba asubuhi wanasikia panya. Mzee akawaomba radhi, akawaonyesha panya mwenyewe. Kesho yake bwana harusi akaomba kujaribu kisu. Keshokutwa bibi harusi akanijia kwenye kamba ya nguo, mikono kiunoni: "Dada, hivi mume wangu amenioa mimi au ameoa ukuta?" Nikampeleka. Wakashinda wote watatu wanakwangua, mama wa watu kajifunga kanga yangu kichwani.

Bibi alikuja kila mwaka. Hakugombeza hata siku moja. Alisimama chini ya ngazi akauliza, "Bado?" Mzee akajibu, "Bado, Bibi." Akapanda, akakaa dirishani kando ya ukuta wake unaong'aa, akanywa maji, akashuka, akaenda zake. Hayo maneno mawili nimeyasikia kwa masikio yangu mara kumi na nane, na kila mara sikujua niangalie wapi.

Kusoma alijifunza akiwa mwaka wa kumi na mbili kazini. Alikuja mama mmoja mwalimu mstaafu, daktari kamwambia akae na hewa ya bahari mwezi mzima. Siku ya pili alimpa Mzee kitabu cha wageni akamuuliza waliotangulia wamesemaje. Mzee akasema miwani yake imevunjika. Mwalimu akamvua miwani isiyokuwapo, kama anavyosimulia mwenyewe kwa kucheka, kisha akavuta kiti. "Kaa hapa. Tuanze na jina lako." Kila alasiri walikaa jikoni na kitabu kile, na alipoondoka alimwachia penseli. Miaka miwili baadaye Mzee alikuwa anasoma kitabu kizima, polepole, pamoja na wale walioandika kwamba mto ni mgumu.

Siku aliyojiona anaweza, alifungua kopo lake la misumari. Karatasi ya Bibi ilikuwamo bado, imekunjwa vilevile. "Nilikuwa naiogopa," alisema. "Nilidhani itanitukana. Kumbe mstari wa mwisho ulianza na tafadhali."

Nisisahau mengine, maana ofisi itasema nimeandika ukuta tu. Paa amelibadilisha mara mbili bila nyumba kufungwa. Hakuna mgeni aliyewahi kuumia mikononi mwake. Watunza nyumba wanne wa nyumba zenu wamefundishwa na yeye, na ukiona mmoja wao anainua mlango badala ya kuuvuta ujue amepitia kwake. Na hajawahi kuninyima salamu, hata siku nilizostahili kununiwa.

Mwaka huu magoti yakamwambia basi, na ofisi ikapanga tarehe. Bibi naye, sasa amepita themanini, akatuma ujumbe kwamba atakuja kabla ya tarehe hiyo na pengine hatapanda ngazi ile tena. Ukuta ulikuwa haujaguswa. Mzee akapanda na kisu chake mvua zilipokatika, na kwa miezi minne hakuwapangishia wageni chumba kile, ofisi mtatusamehe.

Kila siku nilipopeleka mashuka mapya vyumba vya jirani nilichungulia. Rangi ilitoka vizuri, kama unga, plasta haikutikisika. Mkono ulikuwa umejua. Lakini chini ya rangi kulikuwa na weupe. Kiganja baada ya kiganja, weupe. Sikuthubutu kuuliza. Jumanne alikwangua kiganja cha mwisho, akakaa dirishani na kisu mapajani, ukuta mbele yake umetakata kama shuka, hauna alama hata ya mbu.

"Nimemfutia Bibi baba yake," akasema. "Mara ya kwanza kwa rangi, mara ya pili kwa kisu."

Chakula cha mchana hakukigusa. Bibi alikuwa anafika Alhamisi.

Jumatano asubuhi aliniambia nipanguse vumbi, angalau Bibi akute pasafi. Nikachukua ndoo na kitambaa, nikaanza karibu na dirisha. Nikaona kistari cha kijivu. Nikadhani kitambaa changu kichafu, nikakisuuza. Nikapitisha tena, kikaja kistari cha pili, na pembeni yake herufi. Zilikuwa zinapanda kutoka ndani ya ukuta, taratibu, kama mtu anayekuja kutoka mbali na unaanza kumtambua. Nikaita jina lake, nadhani nililiita mara nyingi. Alipanda vidato ishirini na viwili bila kupumzika, na cha tisa nilikisikia kikilia mara moja tu.

"Usiguse."

Akasogea mpaka pua ikakaribia chokaa. Kidole kikawa kinafuata hewani. Akasoma, neno moja moja: "Leo. Amesimama. Peke yake. Maji yamejaa. Hadi jiwe la sita."

Nikajikuta nimepiga magoti, na si kwa sababu ya kusugua sakafu.

Tukiwa tunatazama, maandishi yakaanza kwenda. Yalififia kutoka pembeni, mpaka ukuta ukawa mweupe kama jana. Mzee akanigeukia. "Umeyafuta." Katika miaka yote sijawahi kusikia sauti ile kwake.

Akaninyang'anya kitambaa, akakitandaza kwenye mwanga. Kilikuwa safi, hakina hata chembe ya penseli. Kisha akatia kiganja chake kwenye ndoo, akakibandika ukutani, akakiondoa. Maneno yalikuwa yamerudi ndani ya alama ya mkono wake, vidole vitano vyote vimejaa maandishi ya mtu mwingine.

Akanieleza kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu amelala. Ile chokaa yake ya kwanza, mkono mmoja mwembamba, ndiyo iliyokuwa katikati. Rangi ya mafuta ilishika chokaa, haikufika kwenye penseli. Na chokaa ikilowa macho yanapita, ikikauka inafunga. Kilichomlindia Bibi maandishi ya baba yake ni chokaa aliyoambiwa asiipake. Mimi sina elimu ya kueleza jambo kama hilo, namwachia Mungu.

Alhamisi Bibi alisimama chini ya ngazi, kashika fimbo.

"Bado?"

"Panda, Bibi. Polepole."

Alipumzika mara tatu. Alipoona ukuta mweupe mtupu uso wake haukubadilika, alikwishazoea. Mzee akamletea bakuli la maji. "Tia mkono, halafu uweke hapo." Bibi akamtazama kama anayeuliza huu ni mchezo gani, lakini akafanya. Alipoondoa kiganja aliinamia ukuta muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naona kuna kitu. Macho yangu hayawezi tena. Nisomee."

Mzee akaloweka ukuta kuanzia chini mpaka juu, akasimama karibu na Bibi, akasoma mistari yote kumi na minane. Leo hataki kuvaa viatu, maji yamekupwa mapema. Leo amenishinda bao, maji ya kawaida. Leo ana homa, nimempima akiwa amelala, sikwenda kupima bahari. Mstari uliokauka kabla ya kufikiwa aliulowesha tena. Mstari wa juu kabisa ulisema: Leo anaolewa. Maji yamejaa kuliko nilivyowahi kuandika.

Bibi hakufuta machozi, aliyaacha.

"Unasoma vizuri," akamwambia.

"Siku zile sikujua, Bibi. Karatasi yako sikuidharau. Sikujua kusoma, nikaona haya kusema."

Bibi akatikisa kichwa. "Na mimi nilikuandikia kwa sababu niliona haya kukuambia kwa mdomo. Niliogopa nitalia mbele ya saidia fundi."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Halafu Bibi akavua viatu, akageuka, akabandika mgongo ukutani kama mtoto. Mzee akaweka kiganja juu ya utosi wake, akatazama. "Umekuwa mfupi kuliko ulipokuwa na miaka kumi na mitano," akamwambia.

"Maji yanakupwa, Kwangua," akasema Bibi.

Ameagiza chokaa isiguswe. Atakayelala chumba cha juu atakuta dirishani bakuli la maji, na atatumia mkono wake mwenyewe. Na alipokuwa anashuka, kwenye kidato cha tisa, alisimama akamwambia bila kugeuka, "Sasa unaweza kwenda."

Mzee Kwangua, kaka yetu mkubwa, nenda kwa amani wewe na shemeji yetu mkaishi kwa binti yenu, huko mbali na chumvi. Kisu umeniachia, nitakinoa. Mungu akuongezee siku, akupe magoti mepesi na milango isiyovimba. Tunashukuru kwa kila kitu ulichokiinua pale sisi tulipokuwa tunavuta.

Nanyi mliowahi kulala hapa au kufanya kazi naye, nina ombi moja. Hataki zawadi, nimemuuliza. Mwandikieni barua, kwa mkono, herufi kubwa kidogo, mumweleze mlichokiona katika nyumba hii. Atazisoma mwenyewe. Zifike ofisini kabla ya tarehe ishirini na nane ili nizifunge pamoja na mizigo yake. Tafadhali nijibuni mapema.